Shimo la Majivu Mpakani

Jiko ninalopikia leo limesimama mahali palipokuwa na miwa. Ni la udongo, mabati kumi na mawili, na dirisha moja dogo linaloangalia kwa shemeji yangu. Hilo dirisha niliweka makusudi. Kila asubuhi nikiwasha moto nasema asante, kwanza kwa Mungu, halafu kwa wanawake wawili. Mmoja ni mama mkwe wangu, ambaye yuko hapo nje sasa hivi akichambua mrenda na kunilaumu kwamba namaliza kuni. Wa pili anaishi mbali, kwenye milima ya chai upande wa kati wa nchi hii, na hajawahi kukanyaga Kakamega.

Nimesoma mpaka darasa la sita. Msomaji akiona mahali nimeteleza anivumilie. Lakini nilichoona nimekiona, na waliotukosea nitawataja hapa kwa kazi zao, majina nayaacha. Wenyewe wanajijua na kijiji kinawajua.

Babu yake mume wangu alikuwa na kilima kizima, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Baba mkwe alipata ekari nne za kilima hicho. Na baba mkwe alizaa wana sita. Hesabu hiyo hata mtu wa darasa la sita anaiweza. Nilipoolewa, mume wangu alionyeshwa kipande ambacho ukisimama huku na mtu akasimama kule, mnaweza kuongea bila kupaza sauti. Karatasi ya shamba ilikuwa bado kwa jina la babu aliyekufa zamani, na mpaka kati ya ndugu na ndugu ulikuwa mikonge iliyopandwa kwa mstari. Hakuna aliyehitaji zaidi ya hiyo. Kila mtu alijua mkonge wake.

Mwezi wa kwanza wa ndoa mama mkwe alinipa jembe. Kwao, mwanamke akishapewa jiko lake anachimba shimo lake la majivu, na ni lazima achimbe mwenyewe. Alinipeleka mwisho kabisa wa kipande chetu, nyuma ya jiko, akasimama kwenye mkonge unaotutenganisha na kaka mkubwa wa mume wangu.

"Pima hatua mbili kuja kwako," akasema. "Hatua zako, si zangu. Chimba hapo. Uchafu wako ukae kwako, moshi wako uende kwa shemeji yako."

Nikacheka, nikachimba mpaka nikazama kiunoni. Kwa miaka mingi kila kitu kilienda humo: majivu, maganda ya ndizi, manyoya ya kuku, vyombo vilivyovunjika. Sikujua kwamba naandika karatasi ya shamba.

Halafu ikaja miwa. Sisemi miwa ni mbaya. Kuna watu upande wa Kabras na kule Ekero walisomesha watoto kwa miwa na wakajenga. Lakini hao walikuwa na nafasi. Kwetu alikuja afisa wa shambani na pikipiki na futi ya kamba. Alipima kipande chetu, akafunga futi, akacheka.

"Hapa trekta haliwezi hata kugeuka," akamwambia mume wangu. "Hii ni bustani ya maua, bwana."

Huyo ndiye mkosaji wa kwanza. Si kwa sababu alikataa. Ni kwa sababu ya kile alichosema baadaye, akiwa tayari ameketi kwenye pikipiki: "Mkiunganisha ndugu wote, mtoe mipaka, iwe bloku moja, kwa namba ya mkulima mmoja kule kiwandani, hapo tutaongea."

Mkosaji wa pili ni shemeji mkubwa. Aliwaita ndugu zake nyumbani kwake, akachinja ingokho mbili, kuku wa kienyeji. Mimi na wake wa mashemeji zangu tulikuwa jikoni tukisonga obusuma, ugali wetu, tukisikia sauti tu. Tulipoingiza chakula mambo yalikuwa yamekwisha. Bloku itakuwa kwa namba yake kwa sababu ni mkubwa. Mikonge itang'olewa Jumatatu.

Waling'oa kwa siku moja. Futi ilipopimwa tena, bloku bado ilikuwa imepungua kidogo kufika kiasi kilichotakiwa. Afisa akaangalia huku na kule, macho yake yakatua kwenye majiko yetu.

"Haya majengo madogo ni ya nini?"

"Ni majiko ya wanawake," shemeji akajibu. "Hayo si shida. Watapikia kwa veranda."

Mume wangu alibomoa jiko langu kwa mikono yake. Naye namweka kwenye orodha ya wakosaji, Mungu amlaze pema. Na mimi mwenyewe nimo, kwa sababu aliponiomba shoka nilienda nikamletea. Nilikuwa nafikiria mabati mapya. Nilikuwa nafikiria watoto wakiwa na viatu. Shimo langu la majivu likafukiwa, trekta likapita juu, na kweli liligeuka vizuri.

Miwa ikamea mpaka mlangoni. Sisemi mfano, nasema mlango. Nikifungua asubuhi majani yalinipiga usoni. Watoto walikuwa na mikwaruzo mikononi mwaka mzima. Wageni waliokuja kutoka Nairobi kwa mazishi walisimama barabarani wakasema, "Mko na mali nyinyi, angalia kijani hiyo!" Na hapo ndani ya kijani hiyo sisi tulikuwa tunanunua unga uliotoka Kitale. Mvua hapa inanyesha karibu kila jioni, ukidondosha mbegu udongoni kwa bahati mbaya inaota, na bado tulikuwa tunanunua sukuma wiki. Hata kitunguu. Sijui watu wengine ambao wangeweza kufanya kosa kama hilo, kubomoa jiko ili kupanda kitu kisicholiwa, halafu kukaa kwa veranda kungoja.

Mavuno ya kwanza yalikuja. Ya pili yakachelewa, na hapo anaingia mkosaji wa tatu, kontrakta wa kukata na kubeba, aliyesimama katikati yetu na kiwanda. Lori zake zilienda kwanza kwa watu wanaomjua. Miwa yetu ilitoa maua, ikaanza kukauka ikiwa imesimama. Ili tule, mimi na mume wangu tulienda kukata miwa ya watu wengine kwa huyo huyo kontrakta. Jioni moja tukarudi tumeketi juu ya mzigo, kama ilivyokuwa kawaida ya wakataji. Lori lilikuwa bovu na yeye alijua. Dereva alikuwa amemwambia mbele yetu asubuhi kwamba breki inashika ikitaka. Kwenye mteremko haikutaka.

Mimi niliruka upande wa kushoto. Mume wangu alikuwa upande wa kulia.

Bega langu halijarudi mahali pake mpaka leo. Nikibeba ndoo watu wanajua ni mimi wakiwa mbali. Masista wa hospitali ya misheni walinifunga wakanilisha kwa kijiko wiki mbili, na mmoja wao alinifundisha kulala bila kulilalia. Hao pia nawashukuru. Kontrakta alikuja mazishini na miwani nyeusi, akaongea vizuri sana.

Nilibaki na watoto wanne, wavulana watatu na msichana. Bloku ilipokatwa hatimaye, mavuno yalitoka kwa namba ya shemeji na yakakaa kwa shemeji. Nilipouliza aliniambia, "Ngoja chipukizi." Nikangoja chipukizi, miwa inayoota upya kwenye mashina yaliyokatwa. Watoto wakaanza kulala mchana, na mtoto asiyeumwa akilala mchana, huo si usingizi, ni njaa.

Mama mmoja wa kanisani alikuwa na dada aliyeolewa kule kwenye chai. Akanitafutia kazi kwa bibi mmoja mzee aliyehitaji mtu wa kuchuma chai na kumwangalia. Mama mkwe aliniambia nenda. "Hawa wanne nitawafunika kama kuku," akasema. Alikuwa amezeeka tayari.

Nikaenda. Baridi ya kule inaingia kwenye meno. Siku ya pili, bibi akiwa amelala, nilizunguka shamba lake nikipima kwa hatua, mazoea tu ya mtu aliyekaa sana na watu wa mipaka. Nikafika mwisho, nikasimama. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Shamba lake lilikuwa sawa na kipande cha mume wangu, labda limezidi kwa upana wa choo.

Lakini juu ya hicho kipande! Chai mteremko wote. Ng'ombe wawili ndani ya banda, hawatoki, wanaletewa majani ya nepia. Sukuma, viazi, mti wa parachichi. Na jiko lililokuwa kubwa kuliko nyumba yangu, lenye bomba la maji ndani. Gari la maziwa lilisimama getini kila asubuhi likapiga honi. Kituo cha kununulia chai kilikuwa hapo chini, unatembea umebeba kikapu na unarudi maji ya chai hayajapoa. Na ile chai ilikuwa na kiwanda ambacho wakulima wenyewe walikuwa na sauti ndani yake. Bibi alikwenda mkutanoni akagomba na wakubwa, akarudi amechangamka.

Niliona uchungu. Sitaki kudanganya. Nililia kwenye chai nikichuma. Kwa sababu nilikuwa nimeambiwa maisha yangu yote kwamba sisi ni maskini kwa kuwa mashamba yetu ni madogo, na hapa kuna mtu mwenye kipande kama changu anakunywa chai yenye maziwa mengi mpaka imekuwa nyeupe.

Nilimwita Shosho, kama watu wa kule wanavyowaita bibi zao. Yeye aliniita Mama wa Kakamega. Alikuwa na mdomo. Siku moja tukiwa tunamenya viazi akasema, "Lakini nyinyi watu wa Western mnazaa sana. Ndiyo shida yenu."

Nikaweka kisu chini. "Shosho, hao tunaozaa ndio wanakuchumia chai. Ndio wanalinda geti za watoto wako kule Nairobi. Ndio wanafua nguo za wajukuu wako. Tungezaa kidogo, leo ungekuwa unamenya viazi peke yako."

Nilijua nimefukuzwa. Akainuka polepole, akamimina chai kwenye kikombe chake kizuri kile cha wageni, akanisukumia.

"Umesema kweli," akasema. "Kunywa."

Baadaye ndipo nilipoanza kuona upande wa pili wa mambo. Shosho alikuwa na watoto wawili tu. Mmoja Nairobi, mwingine ng'ambo. Wajukuu aliwaona kwenye simu. Shule ya msingi iliyokuwa chini ya kilima ilikuwa na madawati matupu, na mwalimu aliwajua watoto mpaka kwa viatu vyao. Kwetu mwalimu anaita darasa zima "nyinyi" kwa sababu majina hayawezekani, watoto wanakaa wanne kwenye dawati la wawili na wengine dirishani. Jumapili jioni Shosho alikuwa akiniomba simu yangu aangalie picha ya watoto wangu. Aliwahesabu kwa kidole kama vile wangeweza kupungua. "Na hawa wote wanakula sahani moja?" akauliza. "Wanagombana?"

"Wanauana, Shosho."

"Ee," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa.

Nataka nieleweke. Wale watu hawakuwa na akili kutushinda. Barabara ya lami ilifika kwao wakati mama yangu bado hajazaliwa. Wakubwa waliokuwa wakigawa nchi hii waliigawa kama nyama, wakaanza na sahani zilizokuwa karibu na mkono. Hao nao ni wakosaji, na ni wengi, wengine wana barabara zilizopewa majina yao. Sisi tulipata barabara ya kubebea miwa. Miwa ilipolala, barabara nayo ikalala. Lakini Shosho hakugawa nyama yoyote. Alikuta sahani ina kitu, akala.

Yeye ndiye aliyeniuliza lile swali. Nilikuwa namsimulia habari za bloku, na nilipofika kwenye jiko akashika kifua kwa kicheko, machozi yakamtoka. Akaona mimi sicheki. Akajipangusa.

"Ngoja kwanza. Mlibomoa jiko?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya miwa."

"Ndiyo, Shosho."

"Na miwa hiyo mnaikula?"

Akachukua fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe. Kesho yake tu, wakati wa chai, akaanza tena kana kwamba hatujalala: "Mimi mama yangu aliniambia jiko ndilo shamba la kwanza. Uanzie kwa mlango wa jiko, uende ukilima kwa nje. Wewe umeanzia nje ukalima mpaka ukala jiko." Akanionyesha mambo mengi baada ya hapo, namna ya kukata nepia ichipuke, namna ya kuweka samadi. Alinifundisha kwa kugomba. Kila kitu nilikosea.

Nilikuwa huko mwaka wa pili mama mkwe aliponipigia. Hakuwa mtu wa simu, alipiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Kaka yao mkubwa amepatana na kontrakta mwingine! Trekta linakuja Jumatatu kung'oa mashina ya zamani na kupanda upya, bloku yote! Ukitaka kitu chako, njoo. Likipita hili, mimi nitakufa hamjapata mahali pa kupanda kunde!"

Ilikuwa Jumatano. Nilijua maana yake. Miwa mipya ikishaingia ardhini hapo ni miaka, mkato baada ya mkato, na wavulana wangu wangekuwa wanaume bila kuwahi kula kitu kutoka kwa udongo wa baba yao. Shosho hakusema nenda wala kaa. Alikata nepia, akazifunga kwenye gunia lenye unyevu. "Kama hupati shamba utanirudishia," akasema, akiangalia pembeni. Nauli alikuwa ameiweka ndani ya gunia, nikaikuta njiani.

Ijumaa nilifika. Watoto walikuwa wamekonda na mama mkwe alikuwa amekonda kuwazidi, na nikajua ni nani aliyekuwa akipunguza sahani yake. Nikaenda kwa shemeji moja kwa moja na vumbi la safari.

"Ah, mulamwa, shemeji yangu!" akasema, kwa furaha kabisa. "Karibu nyumbani. Chako kipo, nani amesema hakipo? Kiko ndani ya bloku. Kama unakijua, si ukionyeshe."

Akajua nimekwama. Karatasi ni ya babu. Mkonge hakuna. Mume wangu hayupo.

Jumamosi naibu wa chifu alikuja kuamua mpaka, na wazee watatu wa ukoo, na ndugu wote. Tulisimama njiani jua likiwa kali. Shemeji akasema atapima yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwepo baba akigawa. Akaanza kutembea kutoka nyumba yake, moja, mbili, tatu, akirusha miguu kama askari wa gwaride.

"Hatua zako zimekuwa ndefu hivyo tangu lini?" Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwavuli. "Wewe nilikuzaa mwenyewe. Unatembeanga kama bata."

Watu wakacheka. Shemeji akasimama, akaanza upya, na hatua zikawa fupi kidogo, lakini bado aliposimama alikuwa karibu na ukuta wa nyumba yangu. Kwa hatua zake, mimi nilikuwa na kipande cha kuanika nguo.

Nikaangalia ile miwa. Ilikuwa imepita wakati wake, ya manjano, myembamba, imeinama. Niliiangalia yote kutoka kushoto hadi kulia kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Na hapo nikaona. Katikati ya ule umanjano palikuwa na rundo moja la miwa ya kijani kizito, minene, mirefu, kama watu wazima waliosimama katikati ya watoto.

"Naibu," nikasema, "pale. Wachimbe pale. Hapo ni shimo langu la majivu, na kutoka hapo mpaka ni hatua zangu mbili."

"Pale kuna mchwa tu," shemeji akasema. "Kila mtu anajua kichuguu kinarefusha miwa."

Na ni kweli. Kichuguu kinarefusha miwa.

Naibu wa chifu akamwagiza shemeji mdogo achukue jembe. Wakafyeka, akaanza. Udongo mwekundu. Akafika magotini, udongo mwekundu. Shemeji mkubwa akakunja mikono.

"Chimba, ndugu yangu, chimba. Utatokea kwa wazungu, utusalimie."

Wazee walianza kuangalia saa. Mimi nilikuwa nahesabu watoto wangu kichwani, sijui kwa nini, mmoja, wawili, watatu, wanne. Halafu jembe likatoa sauti nyingine, laini, na udongo ukatoka wa kijivu.

Majivu. Makaa. Gunzi jeusi. Chupa ya mafuta ya kupaka. Nikaketi chini pale pale njiani.

"Kila boma lina majivu," shemeji akasema haraka. "Hayo ni ya kwangu. Mke wangu alikuwa anamwaga huku."

Naibu akamwangalia, akaniangalia, akakuna shingo. Kwa kweli hakuwa na namna ya kujua. Shemeji mdogo akapiga jembe tena, na likaruka juu bamba la chuma lenye kutu. Lilikuwa kifuniko cha sufuria, kimebonyea upande, na mahali pa kushikia palikuwa na kizibo cha soda kilichofungwa kwa waya.

Mama mkwe akainuka kutoka kwenye kigoda. Huyo mama alikuwa haamki bila kushikwa mkono. Akaenda, akakitwaa, akakigeuza.

"Hiki kifuniko," akasema. "Hii waya nilifunga mimi. Hii sufuria nilimpa huyu siku aliyoingia kwangu." Halafu akanigeukia na macho makali. "Na wewe uliniambia kilichukuliwa na jirani! Wewe mtu! Nimemsema yule mama miaka yote hii! Nimekataa kumwazima chumvi!"

Ilikuwa kweli. Nilikikalia kikabonyea nikiwa na mimba ya kwanza, nikaogopa, nikakitupa shimoni na kusingizia watu.

Naibu wa chifu alishindwa kujizuia. "Sasa mama, unataka tumshtaki kwa kifuniko, ama tuendelee na mpaka?"

"Tuendelee na mpaka," akasema. "Kifuniko nitamalizana naye jioni." Kisha akamgeukia mtoto wake wa kwanza, mbele ya wazee na ndugu zake wote, na sauti yake haikupanda. "Shimo hili nilimwonyesha mimi. Mkonge ulikuwa hapa ninapokanyaga. Baba yako aliupanda na ulimshikia jembe. Usinifanye niseme mara ya pili."

Shemeji alimnunia mama yake mwaka mzima, na mama alibeba hilo bila kulalamika, mwanawe wa kwanza akipita getini bila salamu. Hicho ndicho ninachokishukuru kila nikiwasha moto. Mimi nilipata shamba siku hiyo. Yeye alitoa kitu.

Wakaniambia nipime. Nikasimama kwenye ukingo wa shimo na bega langu bovu, nikapiga hatua mbili, wakasimamisha nguzo.

Jumatatu trekta likaja. Liling'oa bloku iliyobaki, likafika kwenye nguzo yangu, likageuka. Liligeuka vizuri tu. Nilisimama kuliangalia likigeuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikakumbuka bustani ya maua, na nikatukana kwa sauti nikiwa peke yangu.

Mashina ya miwa kwenye kipande changu tuliyang'oa kwa jembe, mimi na watoto, wiki baada ya wiki. Tuliyakausha tukayapikia. Nilipanda nepia za Shosho mstari wa mpakani, pale pale palipokuwa mikonge. Jiko nikalijenga, halafu nikalima kutoka mlangoni kwenda nje kama nilivyoambiwa: sukuma, kunde, saga, mrenda, ndizi mwishoni. Ng'ombe alikuja baadaye, mmoja, mwenye tabia mbaya. Gari la maziwa halipiti kwetu, nabeba mwenyewe. Mboga napeleka soko la Kakamega mjini siku mbili kwa wiki, na mke wa shemeji hununua kwangu kunde kupitia dirisha hilo dogo. Namwongezea mkono mmoja, kwa sababu yeye naye alibomolewa jiko na hakuwahi kulirudisha.

Mwanangu mkubwa ni mlinzi Nairobi. Ametuletea watoto wake wawili huku, kodi ya nyumba kule imemshinda. Wa pili naye anataka kuoa. Wavulana watatu kwa kipande hiki, na mimi bado niko hai! Siku ya kugawana sitaki kuifikiria, ila nimewaambia jambo moja: mke atakayeingia hapa atachimba shimo lake kwanza, na hakuna atakayeunganisha chochote na mtu yeyote.

Shosho hupiga simu Jumapili baada ya kanisa. Hasemi habari za afya, anakimbilia swali lake.

"Leo mko wangapi kwa chakula?"

Jumapili iliyopita nilitoka mlangoni na simu, nikaanza kuhesabu: mama mkwe na mrenda wake, watoto wangu walioko, wajukuu, mtoto wa jirani ambaye haendi kwao, na shemeji mkubwa, ameketi kwenye ukingo wa nepia akijifanya ameleta jembe la kuazima, harufu ya ingokho ikimpiga puani.

"Kumi na mmoja, Shosho."

"Na huyo mwenye hatua ndefu umemhesabu?"

"Nimemhesabu."

"Mpe kidogo," akasema. "Mimi niko mmoja. Haya, waambie wapige kelele nisikie."